Dalili ya Mvua: Lugha ya Kukadiria Matone kwa Rada, kwa Mfano wa Kilosa na Mikumi

1.0 Utangulizi

Mwishoni mwa Desemba 2009 na mwanzoni mwa Januari 2010, Mto Mkondoa ulivunja kingo zake na kuingia katika mji wa Kilosa, mkoani Morogoro. Maelfu ya watu walipoteza makazi yao. Tuta la Reli ya Kati, linalopita katika bonde la mto huo kati ya Kilosa na Gulwe, lilichukuliwa na maji katika sehemu kadhaa, hata safari za treni zikasimama kwa miezi.

Jambo moja kuhusu mto huo lina uzito wa pekee. Maji yake hukusanywa mbali. Huanza katika nyanda kavu za Dodoma na Mpwapwa kwa jina la Kinyasungwe, hupokea vijito vya milima ya Rubeho, kisha hupenya bonde jembamba na kutokea Kilosa, kabla ya kuingia katika mfumo wa Mto Wami. Kwa hiyo mkazi wa Kilosa anaweza kuangamizwa na mvua asiyoiona. Wahenga walisema kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Lakini mawingu yanayomhusu yeye yako nyuma ya milima. Kinachobaki ni habari, na habari hiyo humfikia katika umbo la sentensi.

Mhadhara huu unahusu sentensi hiyo. Unaeleza jinsi rada ya hali ya hewa inavyokadiria ukubwa wa matone na kiasi cha mvua, na unachunguza namna Kiswahili kinavyoweza kuieleza kazi hiyo bila kuipotosha. Hoja kuu ni hii: rada haipimi mvua, bali huikadiria. Kiswahili kinao tayari uwezo wa kutenga kupima, kukadiria na kukisia. Taarifa za mvua zisipoulinda mpaka huo, msikilizaji hupewa uhakika ambao chombo chenyewe hakina, au hunyimwa ule ambao chombo kinao.

2.0 Mvua katika sarufi na msamiati

Nomino mvua ni ya asili ya Kibantu. Ndugu zake ni imvura ya Kinyarwanda, mbula ya Kilingala na imvula ya Kizulu. Katika Kiswahili sanifu imo katika ngeli ya 9/10, ambayo umbo la nomino halibadiliki katika umoja na wingi. Upatanisho ndio unaobeba maana. Asemaye “mvua inanyesha” ataja tukio. Asemaye “mvua za masika zimeanza” ataja msimu. Kwa maneno mengine, sarufi ya Kiswahili inaichukulia mvua kuwa tukio au majira, si rundo la vitu vinavyohesabika.

Vinavyohesabika ni matone. Nomino tone hutokana na kitenzi kutona, na wingi wake hujitokeza waziwazi. Hapo ndipo msamiati wa kale wa mvua ulipojijenga. Manyunyu ni mvua ya matone madogo mno, na ni jamaa ya kitenzi kunyunyiza. Rasharasha ni mvua ya matone machache yaliyotawanyika. Shina lake la Kiarabu ndilo hilo hilo la mrashi, chombo cha kunyunyizia marashi. Mvua ya mawe si tone tena bali ni barafu. Ni dhahiri kuwa mzungumzaji wa Kiswahili aliziainisha mvua kwa ukubwa wa tone na wingi wa matone kabla ya mtu yeyote kumletea milimita.

Lugha rasmi ya hali ya hewa imefuata njia nyingine. Katika taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, mvua kubwa ni ile inayozidi milimita 50 katika saa 24. Kivumishi -kubwa hapo kinahusu jumla. Katika mazungumzo ya kila siku, kivumishi hicho hicho kinahusu nguvu: kishindo cha matone juu ya bati, maji yanayoruka uani, mtu kushindwa kumsikia mwenzake chumbani. Maana hizi mbili hazikutani daima. Mvua ya matone madogo inayoanza jioni na kukoma asubuhi inaweza kufika milimita 50 bila mtu kuiita kubwa. Mvua ya dakika 20 yenye matone mazito inaweza kumfanya kila mtu aiite kubwa, ilhali kipimo hakikufika hata nusu ya kiwango hicho.

Jozi ya pili inayostahili kuangaliwa ni vitenzi vya kujua kiasi. Kupima ni kitenzi cha Kibantu. Apimaye ana kipimo mkononi, awe ameshika kibaba, pishi au futi. Kukadiria kumetoka katika shina la Kiarabu ambalo pia limetupa kadiri, kadari na kudra. Katika matumizi ya leo, kukadiria ni kazi ya mtaalamu anayefikia kiasi kwa njia ya dalili na kanuni, kama afanyavyo mkadiriaji majenzi anaposoma mchoro wa nyumba isiyojengwa bado na kutaja gharama yake. Kukisia nako kuna udugu na kiasi, na shina lake la Kiarabu lilihusu kupima kwa kulinganisha. Lakini Kiswahili kimelishusha cheo, na leo akisiaye anabahatisha. Hivyo lugha imejipangia ngazi tatu za ujuzi.

3.0 Unga, bati na kipima mvua

Chombo cha msingi cha kupimia mvua ni kipima mvua, ambacho katika vituo vya Tanzania husomwa saa tatu asubuhi. Mantiki yake ni rahisi: milimita 1 ya mvua ni lita 1 ya maji katika kila meta ya mraba ya ardhi. Hapo neno kupima linatumika kwa haki, kwa sababu maji yenyewe yamo chomboni. Hata hivyo, kipima mvua cha kawaida kina mipaka miwili. Kwanza, mdomo wake ni mdogo, nacho husema habari za mahali kilipo tu. Pili, hutoa jumla ya siku bila kueleza kasi wala ukubwa wa matone. Milimita 50 zilizoanguka kwa saa 20 na milimita 50 zilizoanguka kwa saa moja husomwa sawasawa saa tatu asubuhi, ingawa mto hauzisomi hivyo.

Ukubwa wa matone ulianza kuchunguzwa kwa vifaa vya jikoni. Mwaka 1904 Wilson Bentley, mkulima wa jimbo la Vermont nchini Marekani, alichapisha matokeo ya majaribio aliyoyafanya kwa chombo kilichojazwa unga laini. Alikiweka mvuani kwa sekunde chache. Kila tone lilifanya donge dogo la unga, na madonge hayo yalipokauka aliyapima. Mwaka 1967, Joss na Waldvogel wa Uswisi walitangaza chombo kinachotambua ukubwa wa tone kwa kishindo chake linapogonga kiwambo. Kwa kanuni, chombo hicho hufanya kazi ambayo sikio la mtu aliyelala chini ya paa la bati limekuwa likiifanya bila kutoa tarakimu.

Uchunguzi wa aina hiyo ulirekebisha picha iliyozoeleka. Tone la mvua halina umbo la chozi kama linavyochorwa vitabuni. Lenye kipenyo kisichofika milimita 1 ni tufe kamili. Linapozidi hapo, hewa inayolisukuma kutoka chini hulibana, nalo likawa bapa: pana kwa ubavu, fupi kwa kimo. Tone kubwa lafanana na kitumbua kuliko chozi. Likikaribia milimita 6 au zaidi, kwa kawaida hupasuka na kuwa matone madogo. Kasi nayo hubadilika. Tone la milimita 1 huanguka kwa meta 4 hivi kwa sekunde, na la milimita 3 kwa meta 8 hivi.

Tofauti hizo si jambo dogo kwa bonde la Mkondoa. Tone la milimita 3 lina uzito mara 27 wa tone la milimita 1, na kasi yake ni maradufu. Kwa hiyo nguvu inayotua nayo juu ya udongo ni zaidi ya mara 100. Tone kama hilo likiangukia ardhi isiyo na majani hung'oa chembe za udongo na kuziachia maji. Katika miaka ya 1930, R. R. Staples alifanya majaribio huko Mpwapwa ya kupima maji yanayotiririka na udongo unaochukuliwa katika viwanja vyenye mimea na viwanja vilivyo wazi, na yakawa miongoni mwa majaribio ya mwanzo ya namna hiyo barani Afrika. Udongo unaong'oka katika nyanda hizo za juu huja kutua katika mkondo ulio karibu na reli, ukainua sakafu ya mto na kupunguza nafasi ya maji. Hivyo mafuriko ya Kilosa yana sehemu mbili: maji ya mvua ya leo, na udongo uliong'olewa na matone ya miaka iliyopita.

4.0 Kinachosemwa na mwangwi

Rada hutuma mawimbi ya redio na kusikiliza mwangwi. Muda wa kurudi kwa mwangwi hueleza umbali wa mvua, na nguvu ya mwangwi ndiyo inayotumiwa kukadiria kiasi chake. Tatizo lote limo katika neno nguvu. Kwa matone yaliyo madogo sana yakilinganishwa na urefu wa wimbi, nguvu ya mwangwi hufuata kipenyo cha tone kikiwa kimepandishwa hadi kipeo cha sita. Kiasi cha maji katika tone, kwa upande wake, hufuata kipenyo hadi kipeo cha tatu tu. Sikio la rada, kwa hiyo, limeelemea upande wa matone makubwa.

Mfano wa tarakimu utalidhihirisha jambo hili. Tuchukue meta moja ya ujazo ya hewa yenye matone 729 ya kipenyo cha milimita 1, na meta nyingine ya ujazo yenye tone moja tu la milimita 3. Kwa kuwa 3 katika kipeo cha sita ni 729, rada husikia mwangwi ulio sawa kabisa kutoka sehemu hizo mbili. Lakini maji yaliyomo katika ile ya kwanza ni mara 27 ya yaliyomo katika ya pili. Ikizingatiwa pia kasi ya kuanguka, mvua ya kwanza ni milimita 5.5 hivi kwa saa, na ya pili ni milimita 0.4 hivi kwa saa. Methali isemayo haba na haba hujaza kibaba inaeleza ile ya kwanza barabara. Tone kubwa lina kelele. Kibaba hujazwa na madogo.

Kwa miongo mingi wataalamu walilikabili tatizo hili kwa kuchukulia kwamba matone hugawanyika kwa ukubwa kwa namna moja inayojulikana. Mwaka 1948, J. S. Marshall na W. M. Palmer walitangaza nchini Kanada kanuni ya mgawanyo huo, na kutokana na kazi hiyo ukaenea uhusiano ambao bado unatajwa: nguvu ya mwangwi ni sawa na 200 mara kiwango cha mvua katika kipeo cha 1.6. Uhusiano huo ukitumiwa katika mfano uliotolewa, jibu ni milimita 2.2 hivi kwa saa kwa sehemu zote mbili. Mvua ya kwanza inapunguzwa zaidi ya nusu. Ya pili inazidishwa zaidi ya mara tano. Mfano huu umerahisishwa makusudi, kwa kuwa wingu halisi huchanganya matone ya kila namna, lakini unaonyesha kosa hutoka wapi. Rada imesikia sawasawa. Kilichokosea ni dhana kuhusu matone ambayo haikuyaona mmoja mmoja.

5.0 Tone bapa: mlalo na wima

Umbo la kitumbua ndilo lililoleta njia mpya. Mwaka 1976, Thomas Seliga na V. N. Bringi walipendekeza kwamba rada itumie mawimbi ya namna mbili: yanayotikisika kwa mlalo na yanayotikisika kwa wima. Tone dogo, kwa kuwa ni tufe, hurudisha mwangwi ulio sawa kwa pande zote mbili. Tone kubwa, kwa kuwa ni bapa, hurudisha mwangwi wa mlalo wenye nguvu kuliko wa wima. Tofauti kati ya myangwi hiyo miwili huarifu juu ya ubapa, na ubapa huarifu juu ya ukubwa. Katika mfano wa sehemu ya nne, mvua ya matone 729 isingeonyesha tofauti yoyote ya maana, ilhali ile ya tone moja ingeionyesha wazi. Mvua mbili ambazo rada ya kale ilizisikia kama moja zingetengana mara moja.

Kipimo cha pili huhusu kuchelewa. Wimbi la mlalo linapopita katika mvua ya matone bapa hukutana na maji mengi zaidi kuliko wimbi la wima, nalo husafiri polepole kidogo. Kadiri mvua inavyokuwa kubwa ndivyo pengo kati ya mawimbi hayo linavyopanuka kwa kila kilomita. Ubora wa njia hii ni kwamba haitegemei nguvu ya mwangwi. Mwale ukififia kwa kupita katika mvua nzito, au sehemu yake ikizuiwa na mlima, kuchelewa hakuathiriki kwa namna hiyo. Udhaifu wake ni kwamba manyunyu, ambayo matone yake ni tufe, hayalicheleweshi wimbi moja kuliko jingine. Huko njia hii haina la kusema.

Kipimo cha tatu huonyesha jinsi myangwi ya mlalo na wima inavyolingana kutoka mpigo mmoja hadi mwingine. Katika mvua tupu ulinganifu huo hukaribia 1. Hushuka pale theluji inapoyeyuka, mawe ya mvua yanapochanganyika na matone, au mwangwi unapotoka kwa viumbe hai. Jambo hili la mwisho linaihusu Mikumi. Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, imeenea katika uwanda wa Mkata. Katika mazingira kama hayo, wadudu warukao na makundi ya ndege kama kwelea kwelea yanaweza kurudisha mwangwi ambao rada ya kale ingeuhesabu kuwa mvua.

Marekani iliupatia mtandao wake wa taifa uwezo huu wa mlalo na wima kati ya mwaka 2011 na 2013. Ikumbukwe, hata hivyo, kwamba vipimo hivi vitatu havikuigeuza rada kuwa kipima mvua. Vimeongeza dalili, dalili zikiongezeka makadirio huwa bora, lakini hubaki makadirio.

6.0 Mvua ya Kilosa na Mikumi

Tanzania ilianza na rada ya hali ya hewa ya Dar es Salaam, ikafuata ya Mwanza, na baadaye mtandao ukapanuliwa hadi Mtwara, Mbeya na Kigoma. Swali la lugha linarudi hapa kwa namna ya jiografia: rada ya Dar es Salaam inaweza kusema nini juu ya Kilosa?

Kutoka Dar es Salaam hadi Kilosa ni karibu kilomita 240 kwa mstari ulionyooka. Dunia ni ya mviringo, na mwale wa rada huinuliwa kidogo juu ya upeo wa macho. Mwale ulioinuliwa kwa nusu digrii, ukifika juu ya Kilosa, uko zaidi ya kilomita 5 kutoka usawa wa rada. Nao, ukiwa na upana wa digrii 1, umekwisha kutanuka kufikia kilomita 4 hivi. Katika ukanda wa tropiki, kimo ambapo joto hufika nyuzi 0 ni kati ya kilomita 4.5 na 5. Maana yake ni kwamba, kwa umbali huo, sehemu kubwa ya mwale inagusa barafu na theluji inayoyeyuka. Kanuni za tone bapa hazina mahali pa kushika, kwa kuwa matone bado hayajazaliwa. Tena, milima ya Uluguru, yenye vilele vinavyozidi meta 2,600, imesimama kati ya Dar es Salaam na uwanda wa Mkata, na inaweza kuziba sehemu ya chini ya mwale unaoelekea Mikumi.

Setilaiti nayo hutoa msaada wa namna yake. Setilaiti kuu ya mradi wa kimataifa wa kupima mvua duniani, iliyorushwa na Marekani na Japani tarehe 27 Februari 2014, ilibeba rada ya masafa mawili inayoweza kukadiria ukubwa wa matone kutoka kimo cha kilomita 400 hivi. Lakini setilaiti hupita. Haikai juu ya Kilosa kungojea wingu. Dhoruba ya saa mbili juu ya Rubeho inaweza kuanza na kwisha kabla haijarudi.

Hali ya majira huongeza ugumu. Kaskazini mashariki mwa Mkoa wa Morogoro hupangwa pamoja na maeneo ya vuli na masika, na kusini mwa mkoa pamoja na maeneo ya msimu mmoja unaoanza Novemba hadi Aprili. Kilosa na Mikumi ziko katika mpito wa tabia hizo mbili. Mkulima wa huko husikiliza utabiri wa aina mbili na hubidi aamue upi ni wake. Wengi wa wasikilizaji hao, hasa wazee, wana Kisagara, Kikaguru au Kividunda kama lugha ya kwanza, na neno la Kiswahili huwafikia likiwa limepita katika mizani ya lugha nyingine.

Katika mazingira hayo neno wastani linastahili tahadhari. Kwa mtaalamu, mvua za wastani ni zile zilizo kati ya asilimia 75 na 125 ya wastani wa muda mrefu wa mahali husika. Kwa msikilizaji wa kawaida, cha wastani ni cha kadiri: si kingi, si haba, wala si cha kuogopwa. Mambo huzidi kutatanisha pale taarifa inapotumia neno hilo hilo kueleza kiwango cha athari na uwezekano wa tukio. Msimu unaweza kuwa wa wastani kwa jumla yake na bado ukaleta usiku mmoja wa kuvunja tuta. Anayeishi kando ya Mkondoa haulizi jumla ya miezi mitatu. Anauliza maji ya saa sita zijazo.

7.0 Istilahi na sentensi ya tahadhari

Kiswahili si kigeni katika sayansi. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilikwisha kutoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, na Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa mwaka 1967, limesanifu istilahi za nyanja nyingi. Kazi iliyobaki katika uwanja huu ni ya kuchagua kwa uangalifu, na mambo manne yanajitokeza.

Kwanza, jina la rada yenyewe. Mfasiri anaweza kuvutwa na neno ncha na kusema “rada ya ncha mbili”. Lakini ncha humpeleka msomaji kwenye Ncha ya Kaskazini au kwenye sumaku. Rada ya mlalo na wima ni istilahi ndefu kidogo, ila inaeleza kinachotendeka.

Pili, mgawanyo na mtawanyiko. Matone ya ukubwa mbalimbali katika wingu yana mgawanyo: madogo ni mengi kiasi hiki, makubwa ni machache kiasi kile. Mawimbi yanapogonga tone na kwenda kila upande, huo ni mtawanyiko. Maneno haya yakibadilishana nafasi, kama yanavyofanya katika tafsiri za haraka, kitu kinachotafutwa kinachanganywa na njia ya kukitafuta.

Tatu, uakisi na mwangwi. Uakisi humfanya msomaji afikirie kioo. Tone si kioo. Hurudisha sehemu ndogo tu ya wimbi. Mwangwi una faida ya kubeba ndani yake sauti iliyotumwa, umbali na kurudi. Katika mafundisho ya awali, mwangwi unatosha na unafaa zaidi.

Nne, na ndilo lenye uzito kuliko yote, ni kitenzi cha taarifa. “Milimita 60 za mvua zimenyesha” haielezi ni nani aliyejua wala kwa chombo gani. Inapendekezwa kwamba kila tarakimu ya mvua iambatane na kitenzi chake na chombo chake: imepimwa kwa kipima mvua, imekadiriwa kwa rada au kwa setilaiti, inatarajiwa kwa utabiri. Iliyopimwa itajwe pamoja na kituo. Iliyokadiriwa itajwe kwa mipaka miwili, kwa mfano “kati ya milimita 40 na 80”, kwa kuwa kadirio lisilo na mipaka hujivika sura ya kipimo. Aidha, taarifa kwa watu wa Kilosa itaje mvua ilikoanguka na mto utakaoipokea. “Mvua kubwa imekadiriwa kwa rada juu ya milima ya Rubeho, maji yake yanaelekea Mkondoa” ni sentensi fupi, lakini inampa mkazi wa bondeni kile ambacho mbingu iliyo juu yake haiwezi kumpa.

Ipo hofu kwamba kusema “imekadiriwa” kutawafanya watu wapuuze. Hofu hiyo haina msingi mkubwa katika lugha. Mzungumzaji wa Kiswahili humwamini mkadiriaji majenzi na hujenga nyumba kwa tarakimu zake. Anachokataa ni kukisiwa. Kinachoharibu imani ni tarakimu iliyotolewa kama kipimo, kisha ikaonekana haikuwa kipimo. Baada ya hapo, hata taarifa iliyo sahihi hupokewa kwa mashaka.

8.0 Hitimisho

Mhadhara huu umejaribu kuonyesha kwamba suala la matone ya mvua ni la fizikia na la lugha kwa pamoja. Rada hupokea mwangwi ulioelemea upande wa matone makubwa. Mawimbi ya mlalo na wima hupunguza mwelemeo huo kwa kusoma ubapa wa tone. Umbali, milima na barafu iliyo juu ya Kilosa na Mikumi huweka mipaka ambayo chombo cha Dar es Salaam hakiwezi kuivuka peke yake. Kwa upande wa lugha, Kiswahili kilikwisha kuainisha mvua kwa matone yake, na kilikwisha kutenga kupima, kukadiria na kukisia.

Bonde la Mkondoa halijapumzika. Reli mpya ya kisasa kati ya Dar es Salaam na Dodoma, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024, nayo hupitia Kilosa. Wasafiri, wakulima na wakazi wa bonde hilo wataendelea kutegemea mvua inayoanguka mahali wasipopaona, na kutegemea maneno ya wale wanaoiona kwa vyombo. Wanafunzi wa Kiswahili wanaotafuta mada ya utafiti wanaweza kuanza na kazi iliyo wazi: kukusanya taarifa za mvua zilizotangazwa kwa ajili ya bonde hilo, kuziorodhesha tarakimu zake, na kuuliza mbele ya kila moja ni kitenzi gani kilichotumika na kama kilistahili kutumika.